Masalio ya Shitingi

Yule mama alifika kabla hatujamaliza kufungua duka. Hakubisha hodi. Alipanda barazani, akatua furushi lililokuwa kichwani, akalifungua na kutandaza shitingi, turubai la plastiki la buluu lililoganda matope, kati ya cherehani ya baba na miguu yangu.

Hatukumjua. Hakuwa na viatu, na kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi magotini. Baba alidhani ni mteja.

"Karibu, mama. Iko nini? Imepasuka?"

"Haijapasuka. Wewe ndiye Usumani?"

"Ndiye mimi."

"Hizi kona umeshona wewe?"

Baba aliinama kuzitazama, ingawa hakuhitaji kuinama. Kila kona ilikuwa na pembetatu ya kitambaa cha kaki, imeshonwa mara mbili ukingoni na mara mbili katikati, ili kamba isiichane upepo ukivuma. Mafundi wenzake wa mtaa wetu wa Biryogo walimcheka kwa kona hizo. Walisema anamaliza uzi kwa kazi ambayo hakuna atakayeitazama.

"Ni mimi," alisema, kwa fahari kidogo.

"Basi nimekuja kuchukua masalio yetu."

Ilyasi, fundi tuliyepakana naye ukuta, aliangua kicheko barazani kwake. "Usumani! Leo umeshikwa! Umekula masalio ya mama wa watu!"

Baba hakucheka. Kwake hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko kuitwa mlevi. Mteja akileta kitambaa, fundi hukata, hushona, kisha kilichobaki hukikunja na kukifunga kwa ukanda wa kitambaa hichohicho, akamrudishia mwenyewe pamoja na nguo, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kiganja. Ndivyo alivyofundishwa na babu, na babu alifundishwa na wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Duka letu halikuwa na kibao wala rangi mlangoni. Lilikuwa na jina hilo tu, kwamba kwa Usumani masalio yanarudi.

"Mama," alisema taratibu, "masalio nimeyarudisha yote. Nimempa mwenye kitambaa."

"Nani?"

"Bwana Valens."

"Valens analala chini ya shitingi?"

 Nikasikia cherehani ya Ilyasi ikianza kuzunguka, bila kitambaa ndani yake.

Nilimletea yule mama kigoda na kikombe cha chai. Aliitwa Pudentienne. Alikuwa ametoka kwenye kambi ya waliokimbia vita vya kaskazini, kando ya barabara ya Byumba, na alikuwa safarini kwa miguu tangu siku iliyotangulia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Kilipomwishia alihamia Kinyarwanda, nasi tukamfuata. Alituambia kwamba tume ya misaada ilikuwa imetangaza redioni kuwa serikali imenunulia kila familia shitingi ya mita nne kwa sita. Watu wa kambini walisikia, wakajenga vijumba vyao kwa kipimo hicho, miti ikachimbiwa. Shitingi zilipofika zikawa fupi. Upande mmoja wa kila kijumba ulibaki wazi, na mvua za Aprili zilikuwa zimeanza.

"Wajukuu wangu wawili wanalala upande huo," alisema. "Mdogo anakohoa. Nimeuliza mafundi wote tangu Nyabugogo, nani anashona kona namna hii. Wote wananicheka, wananiambia nenda kwa Usumani."

Baba alivua tepu shingoni, akapima. Nne kwa nne. Nadhani alipima ili mikono yake ipate kazi, kwa sababu kipimo alikijua. Ni yeye aliyekata.

Kazi ile ilikuja mwezi wa tatu. Valens alikuwa mfanyabiashara mwenye nyumba kubwa Rebero, na tume ilimpa zabuni ya kuleta shitingi na kuzitengeneza. Zilikuja na gari lake zikiwa marobota. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alipigilia misumari miwili kwenye meza yetu ya kukatia, akasema, "Fundi, kata hapa na hapa. Vijumba vya kule ni vidogo. Ikizidi, wanakata wenyewe ovyo, inaharibika." Baba alikata, akashona kona, na kila jioni akafunga vile vipande vya mita mbili kwa kamba nzuri na kuvirudisha. Mara ya kwanza Valens alicheka mpaka akafuta macho. "Mzee Usumani, wewe ni fundi wa wapi? Wenzako wangeniibia hata robo!" Akamwongezea kazi. Fundi mwizi angemsumbua. Baba yangu, kwa uaminifu wake, alimfaa kabisa.

Sasa alikuwa anaikunja ile tepu, mkunjo baada ya mkunjo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo Butare mwaka uleule, nimesomea utawala, na nilikuwa nasubiri kazi huku nikishona vifungo. Nchi ilikuwa na hofu. Mabomu ya mkono yalikuwa yakitupwa kwenye baa na vituo vya teksi, na watu walifunga madirisha mapema. Hata hivyo niliamini jambo moja kwa moyo wangu wote: wananchi wakiambiwa waziwazi kilichonunuliwa kwa jina lao, wizi utakosa mahali pa kusimama. Kulikuwa na serikali ya vyama vingi. Tume ilikuwa imeahidi kwenda kambini Jumamosi ile kusoma hadharani kilichotolewa. Niliona huo ndio mwanzo.

"Mama," nikamwambia Pudentienne, "Jumamosi nitakuletea kipande chako. Kitaungwa hapo hapo, watoto walale pakavu. Nakuahidi."

 Pudentienne akakunja shitingi yake, akaiweka kichwani. "Aidah," alisema, akilijaribu jina langu. "Nitakuwa mbele, karibu na bomba la maji."

Alipokwisha kuondoka baba akaniuliza bila kuniangalia, "Umeahidi mali ya nani?"

"Yao, baba."

"Iko mikononi mwa nani?"

Nilichukua kikombe cha Pudentienne, nikaenda kukiosha.

Kesho yake nilikwenda soko la Kimironko. Sikuhitaji kutafuta sana. Vile vipande vilikuwa vimetundikwa kwenye kamba kama nguo za kufua, vya buluu, mita nne kwa mbili, ukingo mmoja wa kiwandani na mwingine wa mkasi. Niliujua mkato ule. Baba huanza kukata kwa kuinua mkono wa kulia kidogo, na mstari wake hupinda kidogo mwanzoni.

"Ya kuanikia mtama, dada," alisema muuzaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimba. "Au ya kufunikia matofali? Hii haivuji hata ukiikojolea."

"Inatoka wapi?"

Sauti ya kuimba ikaisha. "Unanunua au unahoji? Wewe ni wa gazeti?"

"Nanunua."

Alinifungia haraka, akapokea pesa zangu za masomo zilizobaki, na kabla sijaondoka nikamwona akiinua kidevu kumwonyesha mtu aliyekuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilitembea katikati ya mafungu ya nyanya nikijilazimisha kwenda polepole, kama mtu mwenye shida za kawaida.

Njiani kurudi, kwenye njia panda ya Sonatubes, kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Tuliteremshwa wote kwenye teksi, tukapanga mstari kando ya barabara, vitambulisho mkononi. Askari walikuwa wawili, lakini aliyekagua alikuwa kijana asiye na sare, kofia ya chama kichwani. Alisoma changu, akakigeuza, akasoma nyuma ambako hakuna kitu.

"Biryogo," alisema. "Binti wa yule fundi wa kona."

Nililikumbatia furushi langu.

"Umebeba nini?"

"Shitingi. Paa letu linavuja."

"Pole." Alikishikilia kitambulisho mpaka teksi ikaanza kupiga honi, kisha akakitia mwenyewe kwenye mfuko wa blauzi yangu, kwa vidole viwili, taratibu. "Msalimie mzee. Mwambie mvua bado iko nyingi."

Nilifika nyumbani. Sikumwambia baba. Nilificha kipande chini ya godoro, nikakilalia, na usiku kucha kiliparuza kila nilipogeuka, hata nikaogopa majirani watakisikia.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, Valens alikuja. Alivaa suti ya kijivu, akaomba chai, akaketi kwenye kigoda kilekile alichokalia Pudentienne. Alimuuliza baba habari za afya, habari za msikiti, bei ya uzi. Alikunywa chai yote. Halafu akatoa koleo mfukoni, akasimama mbele ya meza ya kukatia, na akang'oa msumari wa kwanza. Ulilia ukitoka. Akang'oa wa pili. Akaifunga yote miwili kwenye kitambaa chake cha jasho.

"Meza hii, Mzee Usumani, haijawahi kupigwa misumari."

"Matundu yapo, patroni," baba alisema kwa sauti ndogo.

"Meza ni mbao. Mbao ina mambo mengi." Alinigeukia, akatabasamu. "Msomi wetu! Nimesikia unapenda soko la Kimironko. Ukihitaji shitingi mwanangu, si uniambie? Nitakuletea hata tatu. Kwa nini uhangaike, uonekane mtu wa kuchochea kambi? Unajua siku hizi watu wa namna hiyo wanaitwaje."

Nilijua. Walikuwa wakiitwa vibaraka wa adui, na jina hilo likishakubandikwa halikubanduka.

Alipokuwa akishuka barazani alisimama, akautazama ukuta wetu na wa Ilyasi, na mapaa yaliyoegemeana hadi mwisho wa mtaa. "Biryogo mmebanana sana," alisema kwa huruma. "Cheche moja tu."

Gari lake lilipotoweka, Ilyasi aliingia kwetu kwa mlango wa uani. "Usumani, wallahi, mimi sikusikia kitu. Lakini kama ningekuwa nimesikia, ningesema mtoto akae ndani kesho."

"Atakaa," baba alisema.

"Baba, nimeahidi."

"Atakaa!" Hakuwahi kunipigia kelele tangu mama alipofariki. Aliivuta kanzu iliyokuwa ikishonwa, akaanza kuikunja. "Shitingi moja, Aidah. Watu wako maelfu kule. Shitingi moja itamfunika nani?"

"Watoto wawili."

 Mimi nikaingia chumbani, nikalia, na sitasema kwamba nililia kwa ajili ya wale watoto. Nililia kwa woga. Niliona uso wa kijana wa Sonatubes kila nilipofumba macho, na vidole vyake viwili. Nilianza hata kutunga maneno ya kumwambia Pudentienne siku nyingine: kwamba niliugua, kwamba barabara ilifungwa. Maneno yalikuja kwa urahisi, na urahisi huo ndio uliozidi kunitisha.

Asubuhi ya Jumamosi niliamshwa na kelele za kuburuta. Nilichungulia. Ilyasi na shemeji yake walikuwa wanatoa cherehani yake nje, wanaipakia kwenye mkokoteni.

"Unaipeleka wapi?" nikauliza.

"Kuisafisha. Ina vumbi."

"Na vitambaa?"

Alitazama yale marobota juu ya mkokoteni kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeyaweka. "Navyo vina vumbi," akasema, na macho yake yakajaa machozi. "Nisamehe, mwanangu. Nina watoto wadogo."

Nilichukua kipande chini ya godoro. Nilipofika mlangoni nikamkuta baba ameketi kizingitini, amevaa koti lake la sikukuu. Nilidhani amekuja kunizuia. Mkononi alikuwa na kikopo cha sindano kubwa, uzi uliopakwa nta, mkasi, na vipande vya kaki.

"Unajua kuunga shitingi, wewe?" aliuliza.

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unaahidi nini?"

Aliangalia nyuma mara moja, kwenye cherehani yake nyeusi yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika, ambayo babu alimwachia. Alijaribu kuinua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza. Kisha akakirudisha. Ilikuwa nzito mno kwa safari ile, na mbele yetu kulikuwa na vizuizi. Alifunika cherehani kwa khanga ya mama, akafunga mlango, akasema bismillahi.

Vizuizini hatukufunguliwa furushi; kambini watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa bomba la maji, kimya kuliko nilivyowahi kuona watu wengi wakinyamaza. Mbele kulikuwa na meza, viti vya tume, na askari kila upande. Valens alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya mguu. Alipotuona, mguu ule ulishuka chini.

Pudentienne alikuwa mahali aliposema atakuwa, shitingi yake mapajani. Alituona. Hakupunga mkono.

Afisa wa tume, bwana mdogo mwenye miwani aliyeitwa Nsengiyumva, alisimama na karatasi. Alisoma maharage, akasoma mafuta, akasoma unga. Kisha akasoma: "Shitingi. Kila familia, moja. Mita nne kwa sita. Zimenunuliwa, zimelipwa na kupokelewa."

Nilitaka kusogea, nikabaki nimesimama.  Nilihisi kila jicho la askari kwenye furushi langu. Basi baba akanishika kiwiko, na nikagundua kwamba na yeye anatetemeka, na kwamba tukitembea pamoja ule mtetemeko hauonekani sana.

Tulipita katikati ya watu mpaka kwa Pudentienne. Nilisema, kwa sauti iliyotoka nyembamba, "Mama, nimekuletea kipande chako."

Akasimama, akatandaza shitingi yake kwenye matope mbele ya meza ya tume. Nikatandaza kipande pembeni yake. Kingo mbili za mkasi zilikutana, mpindo kwa mpindo, kama mdomo uliofungwa. Baba alipiga magoti, akapima kwa tepu toka mwanzo hadi mwisho, akihesabu kwa sauti hadi sita ili kila mtu asikie. Kisha akamtazama Nsengiyumva.

"Mimi ni Usumani, fundi wa Biryogo. Ni mimi niliyezikata. Zilikuja hivi. Niliambiwa nizikate hivi. Masalio nilimrudishia aliyezileta, nikidhani ndiye mwenye mali."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeukia kiti cha pembeni.

"Soma tena," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma.

Nsengiyumva alilamba midomo. "Mita nne kwa sita."

Mwanamke mwingine alikuja, akatandaza yake kando ya ile ya Pudentienne. Iliishia pale kipande changu kilipoanzia. "Soma tena, bwana." Akasoma. Akaja mwingine, na mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alitandaza yake, akasubiri, na kila mmoja aliomba asomewe, kwa adabu, kana kwamba hakusikia vizuri. Uwanja ukageuka buluu. Sauti ya Nsengiyumva ilizidi kudidimia, lakini aliendelea kusoma, na mwishowe akaazima kalamu ya mwenzake, akaandika kitu kwenye ile karatasi yake mbele yetu sote.  Alikuwa kijana kama mimi, na alikuwa anaogopa kama mimi.

Valens alisimama, akapangusa suruali. Alimwita kwa kidole mtu aliyesimama kwenye gari. Alikuwa kijana yule wa Sonatubes, kofia ileile. Walisemezana kidogo. Kijana alitutazama, akatabasamu, akapanda garini, na gari likaondoka kwa kasi kwenye barabara ya mjini, matope yakiruka.

"Baba," nikanong'ona. "Anakwenda nyumbani. Tukipata teksi sasa hivi, tunaweza kuitoa cherehani."

Nilijua amesikia.  Alilitazama lile gari mpaka likapotea kwenye kona ya kilima, na uso wake ukawa wa mtu mzee sana. Halafu akatia uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda kulipata tundu.

"Mvua inakuja," alisema. "Shika hapa. Vuta, isikunjamane."

Nilishika. Pudentienne alishika upande wa pili. Wale watoto wawili walichuchumaa mbele yetu, mdogo akikohoa, wakitazama sindano ikizama na kuibuka. Baba aliunga ule mstari wote kwa mkono, mshono mara mbili. Kisha akaanza kona mpya, pembetatu ya kaki, ukingoni mara mbili, katikati mara mbili. Matone ya kwanza yalianza kupiga juu ya plastiki. Watu walituambia inatosha, ondokeni, nendeni. Alikuwa amebakiza kona moja. Hakuharakisha wala hakupunguza mshono.

Tulimsaidia Pudentienne kuifunga juu ya kijumba chake. Upande ule ulioachwa wazi ukafunikwa hadi chini. Watoto waliingia, wakalala palepale, mchana, kujaribu tu, na mdogo akaita kutoka ndani kwamba mvua haimfikii.

Kule upande wa mji, juu ya vilima, mawingu yalikuwa mazito hivi kwamba mtu asingeweza kusema lipi ni wingu na upi ni moshi. Baba hakutazama huko. Alikuwa anakusanya vitu vyake kwenye kikopo. Kulikuwa kumebaki kipande cha kaki, kisichozidi kiganja. Alikikunja, akakifunga kwa uzi, akampa Pudentienne kwa mikono miwili.

"Masalio yako, mama," alisema.